Probiotiki na uzito wa mtoto mchanga: Mambo ya kujua kabla ya kununua

Mtoto mchanga asipoongeza uzito, wasiwasi huingia nyumbani. Mama huambiwa maziwa yake hayatoshi, baba huulizwa mbona mtoto ni mdogo hivi, na kila mgeni huja na ushauri wake. Miaka ya karibuni ushauri huo umepata jina jipya: probiotiki. Ni matone au unga wenye bakteria hai, unaouzwa katika maduka ya dawa na mitandaoni kwa ahadi kwamba mtoto atakula vizuri, tumbo litatulia na uzito utapanda.

Je, ahadi hiyo ina ukweli? Jibu fupi ni kwamba baadhi ya bakteria hawa wameonyesha matumaini kwa watoto wa aina fulani, wakiwa chini ya uangalizi wa daktari. Lakini hakuna chupa inayoweza kuchukua nafasi ya mizani ya kliniki, titi la mama na uchunguzi wa kujua kwa nini mtoto hakui. Mzazi anayeanza na chupa huweza kupoteza pesa, na pia wiki ambazo mtoto mdogo hana za kupoteza.

Kwa nini jambo hili ni zito Kilifi

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 (KDHS) ulionyesha kwamba asilimia 37 ya watoto wa chini ya miaka mitano katika Kaunti ya Kilifi wamedumaa. Hicho kilikuwa kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine zote. Wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 18. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba kote nchini asilimia 10 ya watoto wa umri huo wana uzito pungufu, na asilimia 5 wamekonda kupita kiasi.

Maneno haya matatu huchanganywa mara nyingi. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake, na hali hiyo hujengeka polepole kwa miezi mingi. Mtoto aliyekonda ana uzito mdogo ukilinganishwa na urefu wake. Mara nyingi amepungua kwa haraka kwa sababu ya ugonjwa au njaa. Mtoto mwenye uzito pungufu ana kilo chache kwa umri wake, na anaweza kuwa amedumaa, amekonda, au yote mawili. Kila hali ina matibabu yake, ndiyo maana kumtazama mtoto kwa macho hakutoshi. Lazima apimwe.

Probiotiki ni nini?

Utumbo wa kila mtu una bakteria wengi. Baadhi yao huleta maradhi, lakini wengi hawana madhara na wengine hutusaidia: humeng'enya chakula ambacho mwili peke yake haukiwezi, hutengeneza baadhi ya vitamini na kuwazuia bakteria wabaya wasipate nafasi. Bakteria hawa rafiki wakikuzwa kiwandani na kuwekwa kwenye matone, unga au vidonge ili mtu awameze wakiwa hai, huitwa probiotiki. Majina yanayoonekana mara nyingi kwenye pakiti za watoto ni Lactobacillus na Bifidobacterium.

Kuna pia neno linalofanana nalo, prebiotiki. Prebiotiki si bakteria, ni chakula chao. Kwa kawaida ni aina ya sukari au nyuzinyuzi ambayo mtoto hawezi kuimeng'enya lakini bakteria rafiki huila na kuongezeka.

Prebiotiki bora zaidi kwa mtoto mchanga haiuzwi dukani. Imo ndani ya maziwa ya mama. Maziwa hayo yana kiasi kikubwa cha sukari maalumu ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzitumia. Kwa miaka mingi wanasayansi walijiuliza kwa nini mama atengeneze chakula ambacho mwanawe hakili. Jibu ni kwamba chakula hicho ni cha bakteria, hasa aina iitwayo Bifidobacterium infantis. Bakteria hawa wakishiba hutoa asidi inayofanya utumbo wa mtoto kuwa mahali pagumu kwa vijidudu vya kuhara. Kwa hiyo kila mama anayenyonyesha anamlisha mtoto, na papo hapo analisha jeshi linalomlinda mtoto.

Jeshi hilo huweza kudhoofika. Dawa za kuua bakteria, yaani antibiotiki, huua wabaya na wazuri pamoja. Mtoto mwenye utapiamlo mkali mara nyingi huwa amepewa antibiotiki kwa sababu ya maambukizi, na bakteria wa tumboni mwake huwa wachache au wasiolingana na umri wake. Hapo ndipo wazo la kumrudishia bakteria hao lilipotokea.

Utafiti umeonyesha nini?

Utafiti unaotajwa zaidi kuhusu watoto wachanga ulifanyika Dhaka, Bangladesh, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2022. Ulihusu watoto 62 wa umri wa miezi 2 hadi 6 waliolazwa kwa utapiamlo mkali. Baada ya kutibiwa hatari ya mwanzo, baadhi walipewa Bifidobacterium infantis kila siku kwa siku 28, na wengine wakapewa unga usio na bakteria. Waliopata bakteria waliongeza uzito zaidi, na dalili za uvimbe wa ndani ya utumbo zilipungua. Hiyo ni habari njema. Hata hivyo, watoto 62 ni wachache, walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari, na walipewa aina moja mahususi ya bakteria. Matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa kwenye kila chupa yenye neno probiotiki.

Matokeo ya Malawi yalikuwa tofauti. Katika hospitali kuu ya Blantyre, watoto 795 wenye utapiamlo mkali, wengi wao wakubwa kuliko wale wa Dhaka, walipewa chakula tiba. Nusu yao waliwekewa mchanganyiko wa probiotiki na prebiotiki ndani ya chakula hicho. Ripoti iliyotolewa mwaka 2009 ilionyesha kwamba waliopona walikuwa asilimia 54 kwa waliopata mchanganyiko na asilimia 51 kwa wasioupata. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kusema probiotiki ilisaidia.

Jirani zetu wa Uganda nao walijaribu. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watoto 400 wenye utapiamlo mkali walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Probiotiki hazikupunguza kuhara watoto walipokuwa wamelazwa. Baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, waliozipata waliharisha siku chache kidogo, takriban siku mbili pungufu.

Hapa Pwani, watafiti walifanya kazi na watoto 155 wa kusini mwa Kaunti ya Kwale. Lengo halikuwa uzito, bali upungufu wa damu. Ilikuwa imeonekana kwamba unga wa virutubishi wenye madini ya chuma, unaochanganywa kwenye uji, huweza kuongeza bakteria wabaya tumboni. Watafiti walipoongeza prebiotiki kwenye unga huo, sehemu kubwa ya madhara hayo ilipungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 na yanatukumbusha kwamba tumbo la mtoto ni kama shamba: unachotia leo hubadilisha kinachoota kesho.

Ukizitazama tafiti hizi pamoja, picha ni hii. Faida imeonekana zaidi kwa watoto wadogo sana wenye utapiamlo mkali waliopewa aina maalumu ya bakteria hospitalini. Kwa watoto wakubwa kidogo, faida ya uzito haikuonekana. Na katika tafiti zote za watoto wenye utapiamlo, probiotiki ziliongezwa juu ya matibabu ya kawaida. Hakuna mtoto aliyeachishwa matibabu ili apewe probiotiki pekee.

Tahadhari kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati

Watoto waliozaliwa kabla ya wakati wana uzito mdogo tangu siku ya kwanza, na wazazi wao ndio hushawishika zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2022, lilisema probiotiki zinaweza kufikiriwa kwa watoto waliozaliwa kabla ya wiki 32 za mimba na wanaolishwa maziwa ya binadamu, baada ya wahudumu na wazazi kushauriana. Lakini mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) ilitoa onyo baada ya mtoto njiti aliyepewa probiotiki hospitalini kufariki. Bakteria wa aina ile ile waliokuwa kwenye probiotiki walikuwa wameingia kwenye damu yake.

Kwa mtoto mwenye afya, bakteria hawa kwa kawaida hawana madhara. Kwa mtoto njiti, au mtoto mwenye kinga dhaifu au mrija mwilini, hata bakteria rafiki anaweza kugeuka adui. Kwa hiyo probiotiki kwa mtoto wa namna hii ni uamuzi wa daktari wa watoto akiwa wodini. Mzazi asinunue na kumpa mwenyewe.

Kwanza ijulikane sababu

Mtoto mchanga hupungua uzito siku chache baada ya kuzaliwa, na hilo ni jambo la kawaida. Anatarajiwa kurudia uzito wake wa kuzaliwa akifikisha takriban wiki mbili. Baada ya hapo wengi huongeza kati ya gramu 20 na 30 kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza, na uzito wa kuzaliwa huwa umeongezeka maradufu kufikia miezi mitano au sita.

Njia ya kujua kama mtoto yuko sawa ni mchoro wa ukuaji ulio ndani ya kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Kila anapopimwa, mhudumu huweka nukta, na nukta zikiunganishwa huwa mstari. Mstari unaopanda ni dalili njema, hata kama mtoto ni mdogo kuliko wa jirani. Mstari uliolala au unaoshuka ni onyo, hata kama mtoto anacheka na kucheza.

Mstari ukilala, sababu zinaweza kuwa nyingi. Huenda mtoto hashiki titi vizuri. Huenda ana utando mweupe mdomoni, mdomo au kaakaa lililopasuka, au tatizo la moyo linalomchosha anaponyonya. Huenda ana kifua kikuu, maambukizi ya HIV, malaria au maambukizi ya mkojo ambayo hayaonekani kwa nje. Huenda anapewa maji, glukosi au uji mapema, vikajaza tumbo lake dogo na kumpunguzia maziwa. Na huenda mama mwenyewe ni mgonjwa, ana njaa au ana huzuni kubwa tangu ajifungue. Hakuna hata moja kati ya hizi inayotibiwa na matone ya probiotiki.

Kinachoongeza uzito kabla ya miezi sita

Kwa mtoto wa chini ya miezi sita, tiba ya kwanza ni maziwa ya mama, na kazi kubwa ni kumsaidia mama huyo. Kilifi ina mfano wake. Katika hospitali ya rufaa ya kaunti, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust walifuatilia watoto wachanga waliolazwa wakiwa wagonjwa na wenye utapiamlo. Akina mama wa kawaida waliofunzwa kusaidia wenzao walikaa na mama wa kila mtoto, wakamwonyesha jinsi ya kumshika, jinsi ya kukamua, na jinsi ya kurudisha maziwa yaliyopungua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee unaweza kurejeshwa hata kwa mtoto aliyefikia hali hiyo.

Mambo ya kuzingatia ni haya:

• Mtoto anyonye kila anapotaka, mchana na usiku, angalau mara 8 kwa siku. Mtoto mdogo anayelala sana aamshwe.

• Mdomo uwe wazi kabisa, kidevu kiguse titi, na sehemu kubwa ya weusi wa titi iingie mdomoni. Kama mama anaumia, mtoto hajashika vizuri. Atolewe na kuanza upya.

• Titi moja liishe kwanza kabla ya kumpa la pili. Maziwa yanayotoka mwishoni yana mafuta mengi, na mafuta hayo ndiyo hujenga uzito.

• Asipewe maji, glukosi, maji ya dawa za mitishamba wala maziwa ya ng'ombe kabla ya miezi sita, isipokuwa dawa iliyoandikwa na mhudumu wa afya.

• Mtoto aliyezaliwa na uzito wa chini ya kilo 2.5 abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi. Joto la mama humfanya atumie nguvu kukua badala ya kujipasha joto.

• Mama anayeishi na HIV anaweza kunyonyesha akiendelea kumeza dawa zake kila siku na kuhudhuria kliniki.

Mama anayenyonyesha anahitaji mlo wa ziada, maji ya kutosha na kupumzika. Baba akichota maji na nyanya akimshughulikia mtoto mkubwa, wote wawili wamechangia gramu kwenye mizani ya kliniki.

Baada ya miezi sita

Mtoto akifika miezi sita, maziwa ya mama pekee hayamtoshi tena, ingawa anapaswa kuendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Wengi huanza kukonda hapa, kwa sababu hupewa uji mwepesi unaoshibisha bila kujenga. Uji wa mtoto unapaswa kuwa mzito, usiomwagika haraka kutoka kwenye kijiko. Uongezwe kitu chenye nguvu: njugu zilizosagwa, dagaa waliopondwa laini, yai, au kijiko cha mafuta. Kunde, mchicha, viazi vitamu, papai na embe vinapatikana kwetu. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale mara 2 hadi 3 kwa siku, na wa miezi 9 hadi 11 mara 3 hadi 4, pamoja na vitafunio.

Wazazi wengine huuliza kuhusu uji mchachu na maziwa lala, kwa kuwa navyo vina bakteria wazuri. Ni vyakula vyema kwa mtoto aliyepita miezi sita, mradi maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa na vyombo ni safi. Uji uliochachushwa ukipikwa, bakteria wake hufa kwa moto, lakini ule uchachu hubaki na husaidia mwili kufyonza madini. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita, vyote viwili bado.

Mtoto wa miezi sita na zaidi aliyekonda sana hupewa chakula tiba kilichotengenezwa kwa njugu, maziwa, mafuta na sukari. Chakula hicho ni dawa ya mtoto mmoja: hakigawanywi na ndugu zake wala hakiuzwi. Na mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari ya ORS pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, kama atakavyoelekezwa kituoni.

Ukishauriwa kutumia probiotiki

Kama daktari au mhudumu aliyemchunguza mtoto amependekeza probiotiki, muulize maswali manne: ni ya tatizo gani, ni aina ipi ya bakteria, itumike siku ngapi, na tutajuaje kama imesaidia. Kisha tazama pakiti. Inapaswa kuonyesha jina kamili la bakteria, idadi yao, tarehe ya mwisho ya kutumika na namna ya kuhifadhi. Muulize muuzaji kama bidhaa imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu.

Kumbuka kwamba bakteria hawa wana faida wakiwa hai. Joto la Pwani huweza kuwaua wakiwa wamekaa kwenye rafu yenye jua au ndani ya matatu, na baadhi ya bidhaa huhitaji jokofu. Unga unaochanganywa na maji nao una hatari yake: maji yasiyo salama humletea mtoto kuhara, na kuhara kutaondoa uzito uliokuwa ukitafutwa. Kwa mtoto anayenyonya, ni salama zaidi kutumia maziwa ya mama yaliyokamuliwa kwenye chombo safi.

Chupa ndogo ya matone huweza kugharimu zaidi ya ujira wa siku nzima wa kibarua. Familia isiyo na uwezo wa kuinunua isijilaumu. Pesa hizo zikinunua mayai, dagaa na nauli ya kliniki, mtoto hajapungukiwa na kitu.

Usingoje siku ya kliniki

Mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kulala kupita kawaida, akipumua kwa kasi, akiwa na joto kali au mwili wa baridi, akiharisha damu, au akivimba miguu yote miwili.

Kwa wengine, mtoto apimwe kila mwezi hata kama chanjo hazijafika. Huduma hii hutolewa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Wahamasishaji wa afya ya jamii pia hupima mkono wa mtoto kwa utepe wa rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, rangi nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, humaanisha aende kituoni siku hiyo hiyo. Ukimtembelea mhudumu, beba kijitabu cha mtoto, na kama kuna chupa yoyote unayompa, ya dukani au ya mitishamba, ibebe pia. Mhudumu hayuko pale kukugombeza. Anahitaji kujua kila kilichoingia tumboni mwa mtoto ili amsaidie vizuri.